GARI LINA TAA LAKINI HALIWAKI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Longisa)



Sisi ni watu wa reli, na reli haifiki hapa Longisa. Yapita mbali kule Kipkelion ikielekea Kisumu. Lakini tumeombwa tuseme habari za motokaa, kwa maana wengi wenu mmechanga fedha mkanunua pikapu za kubeba majani chai, na fedha hizo zinaliwa na mafundi wanaouza betri mpya kwa kila ugonjwa. Na majani hayangoji. Yakishindiliwa ndani ya magunia kwa saa nyingi hupata joto, huwa mekundu, na kiwandani huweza kukataliwa.

Kwanza mjue kwamba taa kuwaka si ushahidi wa uzima wa betri. Taa kubwa mbili hula ampea 10 hivi. Stata ya gari dogo hula 100 hata 200, na ya dizeli zaidi. Ni kama mtungi uliobaki kikombe kimoja: utakunywa, hutaoga.

Basi washeni taa kubwa, mmoja azungushe ufunguo, mwingine asimame kando atazame. Taa zikififia na mkasikia tki-tki-tki, umeme ni haba. Hapa ndipo watu huuziwa betri bure. Tazameni vichwa vya betri: ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungueni waya wa hasi kwanza, osheni kwa maji moto na magadi ya kuokea, kwangueni mpaka risasi ing'ae, kazeni. Tazameni pia waya wa arthi kati ya injini na bodi. Matope ya njia zetu huula. Mwenye mita apime: betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi. Stata ikivuta na mita ikashuka chini ya 9.6, na waya ni safi, basi betri ikachajiwe na kupimwa tena kabla ya kununua nyingine.

Taa zikibaki kali na mkasikia «ta!» moja tu, shaka kubwa ni stata: pengine makaa yake yamekwisha. Zikibaki kali na kimya kabisa, ni fuzi, rilei au swichi ya ufunguo; gari la otomatiki pengine gia haiko mahali pake.

Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, iacheni betri. Ni petroli au cheche. Kwa dizeli, mara nyingi hewa imeingia bombani.

Tena twawasihi: mtu asilale chini ya gari kuunganisha stata kwa bisibisi. Gia ikiwa ndani, injini hushika na gari humpanda. Kwenye reli, magurudumu huwekewa kabari kabla ya mtu kuingia chini. Hapa mawe hayakosekani.

Mwenye pikapu iliyosukumwa mpaka hapa asubuhi asiondoke, tutaitazama baada ya chai.