Kulinda Goli: Kipaji au Mpango?

Maneno yaliyotolewa mbele ya jamaa zilizohama, jamaa zilizowapokea na viongozi, Kasongo



Tangu tuanze kuandaa timu ya vijana wa mchanganyiko, swali moja linarudi kila mara. Nyuma, mbele ya goli letu, tuweke wenye kipaji, au tutafute mpango mzuri wa kulinda? Swali hilo si la mpira tu. Tukisema «kipaji kwanza», tunachagua wale tunaowajua toka utoto wao. Kijana aliyefika juzi kutoka Kabambare anabaki pembeni ya uwanja, akiokota mipira.

Tukumbuke historia ya nchi yetu. Mwezi wa tatu 1974, Leopards wa Zaire walitwaa Kombe la Afrika huko Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli 9. Mwezi wa sita, wengi wa wachezaji hao walikuwa Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia. Mchezo wa kwanza, Scotland iliwashinda 2-0 tu. Kisha wakasikia kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata, wakataka kukataa kucheza. Tarehe 18, siku nne baada ya mchezo wa kwanza, Yugoslavia iliwafunga 9-0. Ni kweli, Yugoslavia ilikuwa na nguvu. Lakini miguu haisahau mpira kwa siku nne. Kilichovunjika ni ahadi, na ahadi ikivunjika kila mtu anacheza peke yake.

Tutazame na mwaka 2024, huko Côte d'Ivoire. Leopards, na kapiteni wao Chancel Mbemba, walicheza michezo 7 wakafungwa magoli 5 tu. Walifika nusu fainali. Siku hiyo, wakati wa wimbo wa taifa, walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione mateso ya mashariki ya nchi yetu. Walikuwa pamoja katika kulinda, na pamoja katika kusema.

Mabeki wanne ni kama watu wanne wanaobeba mgonjwa kwa kipoyi. Mmoja akikimbia kwa sababu ana nguvu kuliko wenzake, mgonjwa anaanguka. Beki mmoja akitoka kuufuata mpira, mwenzake anapashwa kuziba nafasi yake. Wakipanda pamoja, mshambuliaji anabaki ameotea. Mmoja akichelewa hatua mbili, mtego umeharibika.

Sisi wenyewe tulikosea. Mchezo wetu wa kwanza tuliweka nyuma vijana wenye mbio na nguvu. Wote wanne waliukimbilia mpira mmoja, na goli likapita katikati yao.

Hatusemi kipaji ni bure. Mbele ya Misri, mwaka huo wa 2024, penalti zilikwisha 8-7, na golikipa wetu Lionel Mpasi ndiye aliyepiga ya mwisho. Hapo mpango hausaidii sana. Lakini kipaji Mungu humpa amtakaye, na mpango kila mtu anaweza kujifunza. Kwa hiyo tunasema: mpango kwanza, na mpango unasimama juu ya kuaminiana.

Viongozi wetu, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kijana aliyehama aanze mazoezi siku anayofika, asingoje mpaka azoeleke, atazoeleka uwanjani. Pili, viatu na jezi vigawanywe mbele ya wote, na mliyoahidi yatimizwe. Tatu, nyuma wachanganywe wenyeji na wageni, ili kila mmoja alindwe na mwenzake.

Wazazi, msiwazuie watoto. Kijana anayeachwa pembeni ya uwanja kuna watu wengine wanaomtafuta, na hao hawamletei mpira. Wanamletea bunduki.

Basi tusiulize tu nani ana kipaji. Tuulize: nikitoka nafasi yangu, nani ataiziba? Siku mwenyeji na mgeni watakapojibu pamoja «mimi», goli letu litakuwa na walinzi.