Njia ya Kando ya Mto na Watu wa Kuitunza



Bonde la Yaeda limelala kati ya nyanda za juu za Mbulu upande wa mashariki na vilima vya Kideru upande wa magharibi. Mvua inyeshapo juu, maji hushuka kwa kasi, hujaza mito ya msimu na hatimaye hutandaa katika kinamasi. Kando ya mito hiyo zimo njia ambazo hakuna mhandisi aliyezichora. Zimechongwa na nyayo za kina mama wafuatao maji, kwato za ng'ombe, hatua za Wahadzabe waendao kurina asali, na magurudumu ya baiskeli zibebazo magunia kwenda mnadani. Hakuna anayezihesabu kuwa huduma, ilhali zikikatika, mtoto huchelewa shule na mgonjwa huchelewa zahanati.

Swali la mazungumzo haya ni moja: iwapo wakazi wataunda kikundi cha kujitolea cha kutunza njia ya miguu na baiskeli kando ya mto, kikundi hicho kisimame juu ya nini ili kisife baada ya msimu mmoja?

Msaragambo unajulikana na kila mtu. Kengele hugongwa, majembe hukusanyika, kazi hufanyika kutwa, watu hurudi majumbani. Ni utaratibu mwema kwa kuchimba msingi wa darasa. Kwa njia ya kando ya mto hautoshi, kwa kuwa adui wa njia ni maji, nayo hayangoji tarehe ya msaragambo. Njia inayoshuka moja kwa moja kuelekea mtoni hugeuka mfereji katika mvua ya kwanza, na baada ya miaka michache huwa korongo. Watu huikwepa na kukanyaga pembeni, pembeni nako hulika, na ukingo mzima huporomoka. Dawa yake ni ndogo, tena ya bei nafuu: njia ipindishwe mteremkoni badala ya kushuka wima, mawe au magogo yalazwe mshazari kuikata njia, ili maji yatoke na kumwagika katika majani, tope likusanyikalo nyuma ya mawe hayo lizolewe kila baada ya mvua kubwa. Kazi hii ya mwisho ndiyo ivunjayo vikundi. Haina sherehe wala mgeni rasmi, na humtaka mtu mwenye koleo asubuhi ya siku ambayo shamba lake nalo linamngoja.

Baiskeli ina masharti yake. Katika udongo mweusi wa mbugani, tairi moja lipitalo wakati wa matope huacha mfuo utakaokuwa mkondo wa maji kesho yake. Hivyo ni busara njia ifungwe kwa baiskeli siku chache baada ya mvua nzito, hata wenye haraka wakinung'unika. Miiba ya migunga nayo ikikatwa isiachwe njiani. Anayejua kuziba pancha juani hahitaji maelezo zaidi.

Upande wa sheria, msingi upo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Kwa kawaida mita hizo husomwa kama katazo kwa mkulima tu. Zinaweza pia kusomwa kama nafasi: njia nyembamba ya udongo, isiyojengwa kwa saruji wala kukata mikuyu, huonyesha kwa macho mahali shamba linapopaswa kuishia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu watumiaji maji kuunda jumuiya zao, na kwa eneo hili mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Halmashauri ya kijiji, kwa upande wake, inaweza kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kikundi kisicho na karatasi yoyote kati ya hizi kitafanya kazi vizuri hadi siku atakapotokea mtu wa kwanza kulima juu ya njia.

Mfano wa kikundi kilichopata karatasi uko Nairobi. Msitu wa Karura ulikuwa karibu kugawanywa viwanja miaka ya 1990. Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti humo. Msitu uliponusurika bado uliogopwa kwa sababu ya wahalifu. Ndipo chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilipoingia ubia na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005. Uzio ulijengwa, vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi, na njia za kutembea na za baiskeli zikafunguliwa hadi kwenye maporomoko ya mto. Ada ya langoni ililipa mishahara. Lakini mwaka 2025 mvutano kuhusu mfumo wa kupokea ada hiyo ulifika mahakamani. Kilichoutikisa ubia huo si jembe wala mche, ni fedha. Kijiji kinachokusudia kutoza mgeni hata shilingi moja kiandike mapema nani anapokea, nani anakagua, na taarifa inasomwa lini mbele ya mkutano mkuu.

Hata hivyo Yaeda haina sababu ya kwenda mbali kutafuta somo. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi yao kwa pamoja, baada ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kuandaliwa kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team. Juu ya msingi huo ukajengwa mradi wa hewa ya ukaa na Carbon Tanzania, ulioanzia Domanga na Mongo wa Mono. Walinzi wa jamii hutembea kwa miguu msituni, huandika walichokiona, na hulipwa. Hapa pana jambo ambalo mijadala ya kujitolea huliruka: mtu anayetembea kila wiki mwaka mzima si wa kulipwa kwa shukrani pekee. Wengi wajitolee siku za kazi kubwa. Wawili au watatu wa ukaguzi wapewe posho, hata iwe ndogo.

Limebaki suala gumu kuliko yote, nalo ni mifugo. Mfugaji wa Kidatoga akiona njia imefungwa mahali ng'ombe wake wanaponywea tangu zama za babu yake, hataiona kuwa maendeleo, naye atakuwa na haki. Mapito ya mifugo kwenda majini yatengwe kwanza, yawe mapana na yenye mawe, kisha njia ya miguu iyavuke; isiwe kinyume chake. Kadhalika, mahali pa kuvuka paamuliwe na wanaopatumia kila siku, wakiwamo wanawake wenye ndoo na Wahadzabe ambao aghalabu hawafiki kwenye vikao vya kata.

Kiangazi hukauka hadi Oktoba. Mikutano mikuu ya vijiji itakayoitwa kabla ya hapo inaweza kuteua wakaguzi, kuweka vigingi kwenye mapito ya mifugo na kulaza mawe ya kwanza katika miteremko iliyo mibaya zaidi, kabla mvua za Novemba hazijaanza kushuka kutoka Mbulu.