Kadi ya Mwalimu na Deni la Mkulima



Tangu uhuru mwaka 1961, taifa hili lilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Yafaa ikumbukwe kwamba maadui hao hawatembei peke yao. Maradhi yakiingia katika nyumba ya mkulima, umaskini hupita mlango huo huo.

Mkulima asiye na bima akihitaji upasuaji wa ghafla, ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa, na mahindi huuzwa yangali machanga shambani. Hivyo vikiisha, hukopa. Jeraha hupona kwa majuma machache, lakini deni humuuguza kwa miaka. Mwingine, kwa kuliogopa deni hilo, hukaa nyumbani mpaka ugonjwa ukomae.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za Serikali yalitolewa bila malipo. Uchumi ulipoyumba, uchangiaji wa gharama ukaanza mwaka 1993. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza na watumishi wa Serikali: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi, na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri.

Je, mwenye kadi amesalimika? La hasha! Kadi yake humtambua mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4. Ndugu wengine wamebaki nje. Hao wakilazwa, anayetafutwa ni mwenye mshahara. Kwa hiyo deni la asiye na bima hulipwa na mwenye bima. Ila hulipwa kwa kubabaika, usiku, na kwa mkopo.

Hiari peke yake haikutosha kuondoa dhiki hiyo. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ulimwachia kila mwananchi uamuzi wa kujiunga, na wengi hawakujiunga. Mfuko wa bima hauwezi kusimama ikiwa mzima atakaa pembeni akisubiri augue ndipo achangie. Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Hata hivyo, sheria haitibu mtu. Hapana budi Hazina iwalipie wasio na uwezo, na dawa ziwepo katika zahanati. Kwani kadi isiyopata dawa ni karatasi tu. Aidha, orodha ya wasio na uwezo itapita mikononi mwa watumishi. Wakiiandika kwa upendeleo, mnyonge ataachwa tena mlangoni. Naye mwalimu, ambaye husikilizwa kijijini, anao wajibu wa kueleza kwamba mchango wa mzima ndio tiba ya mgonjwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Na mzima wa leo ndiye mgonjwa wa kesho.