Kichwa Kinachogeuka

Leo nataka kuwaelezeni kazi moja iliyo ndogo kwa jina, nayo ni kuifanya picha ya katuni igeuze kichwa.

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kengeja alitaka kuuchora mchezo wa ng'ombe, ule mchezo wetu wa Pemba ambao mtu humchokoza ng'ombe kisha akamkwepa, wala ng'ombe hauawi. Alichora pembeni mwa daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, ili akiziachia kurasa upesi kwa kidole gumba, ng'ombe aonekane kumgeukia mchezaji. Alipoziachia, kichwa kiliteleza upande kama sahani juu ya meza. Wenziwe wakacheka, nami, naona haya kusema, nikacheka pamoja nao. Mtoto akalifunga daftari.

Usiku nilijaribu mwenyewe, nikashindwa vile vile. Ndipo nilipotambua ya kuwa miaka mingi nimewafundisha watoto kuchora uso kana kwamba ni kitu bapa. Asubuhi nilichukua chungwa, nikalitia mistari miwili kwa kaa: mmoja toka juu hata chini, mahali pa pua; wa pili ukizunguka katikati, mahali pa macho. Nikaligeuza polepole mbele ya darasa. Mstari wa pua ulipinda ukasogea ukingoni. Jicho la mbali lingekuwa jembamba, kisha likapotea. Sikio la karibu lingekuja mbele yetu.

Basi yampasa mchoraji kufuata mambo haya. Kwanza, achore picha ya mwanzo na picha ya mwisho. Pili, achore ya katikati, na hapo kichwa kiiname kidogo, kwa maana shingo huenda kwa kupinda, haiendi kama rula. Tatu, ajaze zilizobaki, zikikaribiana mwanzoni na mwishoni, na kuachana katikati. Kwani kichwa huanza polepole na hutua polepole. Tena macho yatangulie, kichwa kifuate.

Katika sinema, picha 24 hupita kwa sekunde moja. Mara nyingi mchoro mmoja hutumika mara mbili, hata michoro 12 ikatosha. Basi kugeuka kwa nusu sekunde kwataka michoro 6. Mwaka 1914 Winsor McCay wa Marekani alimwonyesha watu mnyama wake Gertie, aliyemchora kwa mkono katika maelfu ya karatasi. Siku hizi kompyuta husaidia sana, na huko Dar es Salaam tangu mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zimewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Lakini kompyuta haimwambii mtu kwamba kichwa ni mviringo. Hilo hulijua kwa kutazama.

Baada ya chungwa, nilimwita yule mtoto, nikamwomba radhi mbele ya wenziwe. Alichora michoro 6 upya. Alipoziachia kurasa, ng'ombe alitupa macho kwanza, akainamisha kichwa, akageuka. Safari hii hapana aliyecheka. Aliyekuwa karibu na daftari alirudi nyuma hatua moja.

Nanyi mlio na daftari kuukuu nyumbani, jaribuni. Kwaherini.