Siku Tatu Guanajuato kwa Fedha Kidogo

Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: shanta, fedha, ghala. Shanta ni ule mfuko unaovaliwa mgongoni, kama wa askari. Maneno mengine mawili mnayajua, lakini leo yatatupeleka mbali.

Leo tunakwenda Meksiko, nchi iliyo kusini ya Marekani. Tutakaa siku tatu katika mji uitwao Guanajuato. Usomeni hivi: Gwa-na-hwa-to. Mimi nilifika huko na shanta moja na fedha za kuhesabu, nami nawaambia kwamba mji huu haumdharau mgeni wa namna hiyo.

Kutoka Mexico City, mji mkuu, basi huchukua kama saa tano. Guanajuato umo katika bonde jembamba, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku kuna baridi, na mgeni akipanda ngazi, pumzi humwishia upesi. Nyumba zimepakwa rangi nyekundu, manjano na buluu, nazo zimebanana mlimani. Njia nyingi ni vichochoro vya mawe, na gari haliwezi kupita. Basi magari hupita wapi? Hupita chini ya ardhi! Zamani mto ulipita katikati ya mji, nao ulifurika mara kwa mara. Mwaka 1905 mafuriko yaliua watu wengi. Mto ukageuziwa njia, na katika miaka ya 1960 mkondo wake wa zamani ukafanywa barabara. Sasa ukilala katika nyumba fulani, mabasi yanapita chini ya kitanda chako.

Na kitanda ndicho nilichopanga, si chumba. Ziko nyumba za wageni ambamo kila mtu hulipia kitanda kimoja katika chumba cha watu sita au wanane. Bafu ni kwa zamu. Jikoni kila mtu hupika chake na kuosha chungu chake. Atakaye kulala peke yake, alipe zaidi.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Soko kuu lilifunguliwa mwaka 1910, nalo lina paa kubwa la chuma kama stesheni ya reli. Mama mmoja alinikaanga mikate myembamba ya mahindi iliyochovywa katika mchuzi wa pilipili nyekundu, akatia jibini ndani, na viazi na karoti juu. Chakula hicho huitwa chakula cha wachimba madini, nacho hushibisha mpaka jioni. Kumbukeni kwamba mahindi yetu sisi asili yake ni huko Meksiko. Watu wa huko waliyalima maelfu ya miaka kabla hayajavuka bahari kuja Afrika. Lakini wao huyachemsha kwanza na chokaa, ndipo husaga. Chokaa hiyo hulainisha ganda, tena huufanya mwili upate vitamini iliyofungika ndani ya punje. Sisi tuliletewa mbegu, hatukuletewa maarifa hayo.

Sasa tulitazame neno la pili. Kwa Kiswahili fedha ni ile madini nyeupe, tena ni pesa tunazotumia. Huko Guanajuato mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Wahispania waliotawala nchi walianza kuchimba fedha huko karne ya 16, na katika karne ya 18 hapakuwa na mahali duniani palipotoa fedha nyingi kupita hapo. Juu ya mji, mahali paitwapo La Valenciana, pana kanisa lililokamilika mwaka 1788, ndani yake mapambo ya dhahabu matupu. Karibu na hapo ndipo yalipo machimbo. Shimo moja huitwa Mdomo wa Jehanamu, na kina chake ni mita 600. Wachukuzi walipanda kutoka chini na mawe mgongoni. Ukitoka machimboni ukaingia kanisani siku hiyo hiyo, huna haja ya kuambiwa dhahabu ile ililipwa na mgongo wa nani.

Siku ya pili nilikwenda kwenye ghala. Ni jengo kubwa la mawe, lenye kuta nene, lililojengwa kati ya 1798 na 1809 kuwekea nafaka ya akiba. Septemba 1810 padri mmoja, Miguel Hidalgo, aliwaita watu waupinge utawala wa Wahispania. Mnamo tarehe 28 mwezi huo huo, umati wa wakulima na wachimba madini ulifika Guanajuato. Matajiri na askari wakajifungia ghalani na mali zao. Wenyeji husimulia kwamba mchimba madini mmoja, aliyeitwa Pípila, alijifunga bamba la jiwe mgongoni risasi zisimpate, akatambaa mpaka mlangoni na kuutia moto. Wengine wa wanahistoria hawaisadiki habari hiyo. Lakini mlango uliungua kweli, na wengi waliokuwamo waliuawa. Mwaka 1811 Hidalgo na wenzake watatu waliuawa nao, na vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe nne za ghala hilo. Vilikaa hapo miaka kumi, mpaka 1821, nchi ilipopata uhuru. Leo ghala ni jumba la makumbusho.

Siku ya tatu watu waliniuliza mbona sijakwenda kutazama maiti zilizokauka. Ziko nyingi, nazo huonyeshwa kwa kiingilio. Tangu mwaka 1865 zilifukuliwa makaburini, maana jamaa hawakuweza kulipa kodi ya kaburi. Sikwenda. Wenyeji wengine husema kiingilio hicho huusaidia mji, nao wana haki ya kusema hivyo. Mimi nilipanda kilima cha sanamu ya Pípila kwa miguu, bila kulipa, nikautazama mji wote mpaka taa zikawashwa.

Sasa kazi yenu. Ikiwa mnazi mrefu ni mita 20, minazi mingapi ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine itatoka chini mpaka juu ya Mdomo wa Jehanamu? Fanyeni hesabu, kisha andikeni sentensi tatu juu ya kazi mnayoijua ambayo hufanywa kwa mgongo. Kwa herini.