Jembe la Kujitolea Msituni Karura

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya vijijini waliotembelea Eastleigh)

Naona mmeshangaa kukuta majembe na sururu katika mtaa wa maduka na matatu. Mashamba hatuna, ni kweli. Vifaa hivi tunavipeleka msitu wa Karura kutengeneza njia za miguu.

Tunapita Pangani na Muthaiga mpaka barabara ya Kiambu, na hapo mtu anaingia msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Ulikuwa karibu kuliwa. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa watu. Tena wengi waliogopa kupita humo kwa sababu ya majambazi. Baada ya Marafiki wa Msitu wa Karura kujiunga pamoja mwaka 2009, ua wa umeme uliwekwa, njia zikafunguliwa, na watu wakaanza kuja na watoto. Basi njia ikipata watu, inachakaa.

Wengi hudhani njia inaharibiwa na miguu. Miguu huanza tu. Anayemaliza ni maji. Mguu unashindilia udongo, majani yanakufa, njia inazama kidogo. Mvua ikinyesha, maji yanashuka humo kama mferejini. Anayekuja hataki tope, anapita kando. Wa pili kando zaidi. Misimu michache tu, njia ya mtu mmoja imekuwa pana ya kupita lori! Na kumwaga mchanga juu yake si dawa, mvua inaubeba.

Dawa ni kuyatoa maji yakiwa bado machache. Kata mtaro kuvuka njia, lakini uende mshazari, ukielekea upande wa bondeni. Ukiukata kukingama kabisa, maji yanatuama na udongo unajaa. Kwenye ukingo wake wa chini fukia jiwe au gogo, sehemu kubwa izame ardhini. Mteremko ukiwa mkali, mitaro ikaribiane. Halafu mdomo wa mtaro uachwe wazi mpaka majanini, maana majani makavu kidogo tu yakiuziba, maji yanarudi njiani. Naona watu wa Ukambani wanacheka. Haya, nyinyi na mwethya wenu mnayajua kwenye matuta.

Mama mmoja wa hapa alituuliza: mbona mnatengeneza njia za watembezi, na vichochoro vyetu vimejaa maji machafu? Ana haki. Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika hapa jirani, nyumba zikabebwa na watu wakafa. Mtaro wa jembe hauzuii mafuriko kama hayo, tusidanganyane. Lakini kijana aliyejifunza msituni kusoma maji yanakoelekea, ndiye leo anayezibua mitaro ya kichochoro chake kabla mvua haijaanza.

Jambo lingine ni tumbo. Kijana wa kibarua akikosa kazi Jumamosi, nyumbani hawali. Kumwita bila nauli wala chakula, halafu tuseme anajitolea, mimi siliungi mkono. Mfuko wa kikundi unalipa nauli, chai na githeri, na asiyekuja haulizwi sababu. Kumbukeni Murang'a mwaka 1947. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko ilifaa, lakini watu walichimbishwa kwa amri ya machifu, wakagoma. Mwaka 1948 akina mama wakaandamana. Udongo haukuwa na kosa.

Tunarudi Karura Februari, kabla ya masika, kufungua midomo ya mitaro. Anayetaka kuja aje na jembe lake. Sururu tunazo sita, lakini beleshi ni mbili tu, na moja mpini umelegea.