Daktari wa Kwanza Yuko Mwaloni

Hotuba ya muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Ukara, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Ukerewe waishio Dar es Salaam

 

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, una dakika kumi na tano tu, na usiwachoshe watu kabla ya harambee." Nitajitahidi. Ninajua kwamba baadhi ya wazee hapa hawajaridhika na mradi wa mwaka huu. Mwaka wa madawati tuliona madawati. Mwaka wa bati za zahanati tuliona bati. Mwaka huu tunaombwa kuchangia mafunzo, kitu kisichopigwa picha wala kuwekewa jiwe la msingi. Mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni, "Binti yangu, kwa nini tusinunue boti ya wagonjwa?" Nimemwahidi kumjibu hapa mbele ya wote.

Kwanza niwaeleze jambo la nyumbani kwangu.

Kaka yangu alikuwa na mtoto wa miaka sita, mchangamfu, mwenye maswali mengi. Siku moja mchana alikuwa anacheza na wenzake kwenye mitumbwi iliyofungwa ufukweni, akateleza akaingia majini. Wenzake walipiga kelele. Baba yake hakuwa mbali. Aliruka, akazamia, akamtoa. Kwa maelezo ya waliokuwepo, mtoto hakukaa majini muda mrefu. Alipotolewa alikuwa hapumui.

Watu walijaa, na kila mmoja alitaka kusaidia. Wakamshika miguu wakamning'iniza kichwa chini. Wakambinya tumbo ili maji yatoke. Mmoja akasema apigwe mgongoni, mwingine akasema apelekwe hospitali haraka. Wakampakia kwenye bodaboda, baba yake nyuma amemkumbatia, na barabara zetu mnazijua. Walipofika, wahudumu walifanya walichoweza. Mtoto alikuwa amekwishafariki.

Ndugu zangu, pale ufukweni hapakuwa na mzembe hata mmoja. Kaka yangu alifanya jambo gumu kuliko yote, alimtoa mtoto majini. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuweka mdomo wake juu ya mdomo wa yule mtoto na kumpulizia pumzi.

Mimi wakati huo nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini, nikiwafundisha wanafunzi wa uuguzi jambo hilo hilo. Wiki tatu kabla ya msiba nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu kwa sikukuu ya Pasaka. Tulikula samaki, tukazungumza ada za shule, harusi ya binamu yetu na bei ya dagaa. Sikuwahi kumwonyesha kaka yangu, mtu anayeishi hatua mia moja kutoka majini, namna ya kumsaidia aliyezama. Nilifundisha wageni, nikawasahau wa kwetu. Kaka yangu hajawahi kunilaumu. Ninajilaumu mwenyewe, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Sasa nimjibu mzee wangu kuhusu boti.

Boti ni jambo jema, na likija nitachanga. Lakini tufanye hesabu. Mtu akikosa hewa, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Baada ya dakika kumi, matumaini huwa madogo sana. Hata tukinunua boti yenye injini kubwa, ikiwa Nansio na mtoto amezama Irugwa au Ukara, haitafika ndani ya dakika nne. Hata ikiwa imefungwa mwalo wa jirani, nahodha hajamaliza kuitwa na dakika nne zimekwisha. Hizo dakika ni za yule aliyesimama pale pale: mama anayeanika dagaa, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, mvuvi anayeshona wavu, mwalimu, mwanafunzi. Huyo ndiye daktari wa kwanza, apende asipende. Boti huja kumchukua mgonjwa ambaye daktari huyo amemweka hai.

Na sisi tunajua zaidi ya watu wengi maana ya kusubiri. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Tulipoteza watu zaidi ya 220. Kivuko chenye uwezo wa kubeba watu 101 kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na sisemi kwamba mafunzo ya huduma ya kwanza yangezuia msiba ule. Ninasema kwamba siku ile, kama siku zote, mkono wa kwanza ulikuwa wa jirani.

Dunia nayo imeliona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji katika mwaka wa 2021 peke yake. Miongoni mwa hatua sita ambazo shirika hilo linazihimiza, mojawapo ni hii ninayoisema: wafundishwe watu wa kawaida namna ya kuokoa bila kujihatarisha na namna ya kumrudishia pumzi aliyezama.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1767, katika mji wa Amsterdam uliojaa mifereji, wananchi waliunda chama cha kuokoa watu wanaozama. Walitangaza njia za kuokoa na kuwazawadia waliookoa. Baadhi ya njia za zama zile mkizisikia leo mtacheka: kumbingirisha mtu juu ya pipa, na kumpulizia moshi wa tumbaku, tena kwa nyuma! Lakini kupuliza pumzi mdomoni nako kulikuwemo, na ndiko kulikodumu. Kukandamiza kifua kulikuja kuthibitishwa na watafiti wa Baltimore, Marekani, mwaka 1960. Ninawatajia watu wa Amsterdam kwa sababu walikuwa kama sisi: chama cha watu wa mji mmoja, wenye maji kila upande, waliochoka kuzika.

Naomba sasa niwaelekeze kwa kifupi. Maneno haya si badala ya mafunzo, lakini mkirudi nyumbani msirudi mikono mitupu.

Mtu akizama, usikimbilie kuruka. Wengi wamekufa wawili badala ya mmoja. Piga kelele ya kuomba msaada. Mrushie kamba, msogezee kasia, au mtupie dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko. Dumu linaelea, na hakuna mwalo usio na dumu.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mguse bega. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo, kisha tazama kifua kama kinapanda. Usizidishe sekunde kumi. Akihema kwa kukwama, mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini, huko si kupumua. Usidanganyike.

Kama hapumui, anza na pumzi, kwa sababu aliyezama kilichomkosa ni hewa. Mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza mpaka uone kifua kimepanda. Mpe pumzi mbili hadi tano. Kisha weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja waweza kutosha, na kifua kibonyee theluthi moja ya unene wake. Kandamiza mara 30, puliza mara 2, rudia. Ukichoka, mwenzako apokee. Msiache mpaka apumue au mtaalamu afike. Mwingine wakati huo apige simu na kutafuta usafiri.

Msimning'inize kichwa chini. Msimbinye tumbo. Hilo hupoteza dakika na kumfanya atapike, na matapishi huingia kwenye mapafu. Na akizinduka, mlazeni ubavu, mfunikeni, mpelekeni hospitali hata akisema yu mzima, kwa maana mapafu yaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Najua hofu zetu. Mtu husema, "Nikimgusa akafa, nitaambiwa mimi nimemuua." Ndugu yangu, mtu asiyepumua na ambaye moyo umesimama amekwisha kufika mwisho. Huwezi kumwongezea ubaya, waweza tu kumpa nafasi. Mwingine huogopa kuvunja mbavu. Mbavu huvunjika wakati mwingine, na mbavu hupona. Mwingine huona haya kuweka mdomo kwa mtu asiye wake. Kwa hao kuna kinyago kidogo cha kupulizia, na kimo kwenye sanduku tunalochangia leo.

Baada ya msiba wetu nilianza kwenda nyumbani kila likizo na kufundisha mwaloni, chini ya mti, nikitumia gunia lililojazwa nguo kuwa mgonjwa. Walionicheka walikuwa wengi. Mama mmoja muuza dagaa hakucheka. Alijifunza mpaka jasho likamtoka. Mwaka uliofuata, binti wa jirani yake alitolewa majini akiwa kimya kama yule mtoto wetu. Watu wakamshika miguu, na mama yule akawafokea wamweke chini. Alipuliza, akakandamiza, akapuliza. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anahesabu kwa sauti huku analia. Binti alikohoa. Leo yuko sekondari.

Si kila mara inakuwa hivyo. Mara nyingine tumefanya yote na tumezika. Nisiwadanganye ili mfungue pochi zenu. Lakini kwa kaka yangu hakuna aliyejaribu, na maumivu ya kutojaribu ndiyo yasiyokwisha.

Kwa hiyo ombi la chama ni hili. Kila mwalo uwe na watu wanne waliofundishwa vizuri, na angalau wawili wawe wanawake, kwa kuwa wavuvi wakiwa ziwani au wamelala mchana, wanawake ndio wanaobaki ufukweni. Wafundishwe tena kila mwaka, maana mikono husahau. Kila mwalo upate sanduku: kamba ndefu, boya, kinyago cha kupulizia, bandeji na glavu. Shule zetu zipate midoli ya kujifunzia, ili mtoto wa darasa la sita ajue. Sehemu kubwa ya mchango wenu itakwenda kwenye mafunzo, na hesabu zitasomwa mbele yenu mwakani kama kawaida.

Wale wa jijini msidhani hili ni la walioko nyumbani tu. Moyo husimama hata ukumbini kwenye harusi na ndani ya mwendokasi. Baada ya chakula nitabaki pale pembeni na gunia langu. Njooni na suruali zenu za Jumapili, mpige magoti. Hata wewe, mzee wangu wa boti, nakusubiri.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Anayeweza kubeba mwalo mzima aubebe, na uandikwe kwa jina la familia yake. Anayeweza kununua kamba tu, anunue kamba.

Kaka yangu ameniomba niwape salamu. Yeye ni miongoni mwa waliofundishwa, na ndiye anayetunza sanduku la mwalo wetu. Analiweka sebuleni, karibu na mlango, na halifungi kwa kufuli.